Marehemu wa Darasa la Kireno

Katika miaka yangu ya kufundisha Kireno mjini Kisumu, nilimlilia marehemu mmoja mara nyingi kuliko ndugu zangu wote waliokufa kweli, na marehemu huyo hakuwahi kuzaliwa. Nawapa habari zake nyinyi vijana mnaoanza kufundisha lugha za watu, kwa sababu nasikia siku hizi mna simu zinazowatamkia maneno na kuwasahihisha makosa, na bado mwanafunzi wenu akiulizwa alikuwa anafanya nini jana anabaki kutazama dari. Simu haijui kulilia mtu. Nadhani hapo ndipo tatizo lilipo.

Najua swali lenu la kwanza, kwa sababu mama yangu aliniuliza hilohilo mpaka akachoka: Kireno Kisumu ni cha nani? Vita vya Msumbiji vilipokwisha, mwanzoni mwa miaka ya tisini, shirika moja la misaada lilianza kuajiri madereva wa malori, manesi na mafundi wa magari kutoka huku kwetu. Sharti lilikuwa moja, mtu awe na Kireno cha kujitetea. Walipotafuta mwalimu, waliambiwa kuna mwalimu wa shule ya msingi, Mjaluo, anayezungumza Kireno na bibi mmoja Mgoa langoni kila jioni. Mwalimu huyo ni mimi, Ouma.

Bibi huyo aliitwa Dona Ermelinda, na Goa kwao ni pwani ya India iliyotawaliwa na Wareno. Mume wake alikuwa karani wa reli, akafa akazikwa papa hapa Kisumu, na Wagoa wenzao wakaondoka mmoja mmoja, huyu Kanada, huyu Ureno, huyu Goa kwenyewe, mpaka akabaki yeye na nyumba yake ya mawe karibu na reli. Katikati ya miaka ya themanini nilipanga chumba cha uani mwake. Sikuwa na haja ya lugha yoyote. Nilitaka chumba kisichovuja.

Jioni ya kwanza nilipoingia langoni, alikuwa ameketi barazani. Akaniuliza, "O que estavas a fazer?" Nikamwambia sielewi. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha dukani, "Nauliza veve, ulikuwa nafanya nini?" Nikasema sikuwa nafanya kitu. Akatikisa kichwa. "Nada hapana," akasema. Nada ndiyo "hakuna kitu", na neno hilo lilikuwa limepigwa marufuku pale langoni kabla sijajua maana yake. "Hata mtu kufa iko nafanya kitu. Iko nalala."

Tangu siku hiyo hakuniruhusu kupita kabla sijajibu. Nilianza na maneno mawili, kisha matano. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa naweza kumweleza kwamba nilikuwa nasahihisha mitihani, nilikuwa napigania nafasi kwenye foleni ya maji, nilikuwa nagombana na mwalimu mkuu kuhusu chaki. Watu wengine huanza lugha kwa salamu. Mimi nilianza kwa kujieleza nilikokuwa, kama mume aliyechelewa kurudi.

Ndiyo maana kitu nilichokijua vizuri kuliko vyote katika Kireno ni namna ya kusema jambo lililokuwa likiendelea. Ngoja niwape mara moja, hata kama hamtakitumia. Unachukua neno estava, ndilo "nilikuwa". Unaweka a. Halafu unaweka kitendo chenyewe kama kilivyo, bila kukigusa. Estava a lavar, nilikuwa naosha. Wanafunzi wangu walikuwa wakitaka kukigeuza kila kitu, nikawaambia ni kama boda boda ya baiskeli pale Kondele. Estava ndiye anayepiga pedali. Kitendo ni abiria, amekaa nyuma ametulia, na abiria naye akianza kupiga pedali mtaanguka nyote. Hawakukosea tena mahali hapo. Walikosea mahali pengine.

Shirika lilitukodishia chumba mtaa wa Manyatta, nyuma ya mashine ya kusaga posho ya mama mmoja aliyeitwa Mama Awuor. Ukuta kati yetu na mashine ulikuwa wa mbao na mabati. Mashine ikisaga, nilifundisha kwa mikono. Ikinyamaza, upande wa pili akina mama waliokuwa wakingoja zamu ya kusagiwa walisikia kila neno letu, nasi tukasikia yao, kwa hiyo nawajua watu wengi wa Manyatta kwa siri zao ingawa sura zao sizijui.

Nilianza kwa kitabu, kama mnavyoanza nyinyi. Mfano wa kwanza ulisema: nilikuwa nasoma gazeti simu ilipolia. Dereva mmoja aitwaye Okumu, mtu mzito, mwenye miaka mingi ya kubeba sukari kutoka viwandani, akainua mkono.

"Mwalimu, mimi sina simu."

"Tuseme unayo, Bwana Okumu."

"Kama niko nayo, nasoma gazeti ya nini? Si nipige hiyo simu niulize habari?"

Nikaenda mfano wa pili. Theluji ilikuwa ikianguka treni ilipofika. Nesi Apondi, mama wa watoto watatu aliyekuwa akifanya kazi wodi ya majeruhi, akauliza kama hao watu wa treni walikuwa na blanketi. Darasa lote likaanza kujadili blanketi, kwa Kijaluo. Nikafunga kitabu. Nilikuwa na hasira, si na wao bali na aliyekiandika, kwa sababu mtihani wa shirika ulikuwa karibu na maswali nilikuwa nayajua. Dereva angeulizwa alikuwa anaelekea wapi lori lilipokwama. Nesi angetakiwa amuulize mtu aliyekatika mguu alikuwa anafanya nini bomu la ardhini lilipolipuka: alikuwa analima, anachota maji au anafuata mbuzi, ili wengine waonywe wasipite hapo. Kule hilo halikuwa somo la kupitishia wakati.

Wikendi ile nilienda matangani kwetu Seme, shangazi yangu alikuwa amefariki. Mnajua kwetu mtu hafiki matangani akakaa tu. Anasimama, anasema habari ilimkuta wapi, akiwa anafanya nini. Mmoja akasema alikuwa anapalilia mtama alipoitwa. Mwingine alikuwa anashona wavu. Mwingine alikuwa anaoga, akaeleza mpaka sabuni. Asiyeweza kueleza, watu humtazama kwa jicho la pembeni, maana labda hakuumia. Nilikaa pale nimeshika shavu, watu wakidhani ni majonzi, kumbe nilikuwa nasikiliza vitenzi. Watu wote pale, pamoja na mzee mmoja aliyekuwa amelewa, walikuwa wanasema nilikuwa nafanya hivi wakati niliposikia vile, na hakuna aliyekuwa amefundishwa.

Jumatatu nikaingia darasani nikatangaza kwa Kireno kwamba Senhor Abílio, yaani Bwana Abílio, amefariki.

Okumu akauliza, "Huyo ni nani?"

"Ni mtu wa mazoezi. Kila mmoja asimame aseme alikuwa anafanya nini aliposikia."

"Kwao ni wapi?"

"Hana kwao, Bwana Okumu. Ni wa kubuni."

"Mwalimu, hatuwezi kulilia mtu hatujui kwao. Tutampeleka wapi?"

Ilibidi tumpe kwao. Tukamweka Quelimane, pwani ya Msumbiji, kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo wote tuliweza kupatamka. Apondi akataka kujua kama aliacha mjane. Tukampa wajane wawili, na kipindi kizima kikaisha tukibishana ni nani kati yao aketi karibu na jeneza. Wiki iliyofuata alikuwa na baiskeli, kikohozi cha muda mrefu na shamba la minazi lenye mgogoro. Lakini walikuwa wanazungumza. Okumu alisimama, akavua kofia, akasema, "Estava a lavar o camião quando me disseram," nilikuwa naosha lori waliponiambia, na sauti yake ilikuwa nzito hata mimi nikamwonea Abílio huruma.

Shida ilikuwa Apondi. Alisema hawezi kutamka habari ya kifo bila kupiga nduru kwanza, ulimi wake haufunguki. Nikamruhusu apige ndogo. Kumbe kwetu nduru ndogo haipo. Mashine ya upande wa pili ikazimwa ghafla. Muda si muda mlango ukafunguliwa, akaingia Mama Awuor na akina mama nyuma yake, mmoja na kuni kichwani, mwingine na sukari, yeye mwenyewe na beseni la unga, unga hadi kwenye nyusi.

"Mos, Mwalimu," akasema. "Pole sana. Ni nani ametuacha?"

Nilitaka kueleza. Okumu akaniwahi. "Ni Senhor Abílio, Mama. Mtu wa Quelimane."

"Mlikuwa mnamjua sana?"

"Hatukukaa naye muda mrefu," Okumu akasema, "lakini alikuwa mtu ya watu."

Basi nikaeleza, kwa aibu, kwamba hakuna aliyekufa na kwamba haya ni masomo. Akina mama walinisikiliza mpaka mwisho. Mama Awuor akaangalia beseni lake. "Mwalimu, unga ya matanga haiwezi kurudi nyumbani," akasema. "Hii sasa ni lazima ipikwe." Ikapikwa pale uani, tukala. Na kwa kuwa alikuwa amekula chakula cha msiba, Mama Awuor aliona si heshima kuondoka bila kusema neno. Akasimama akaeleza kwamba alikuwa anachekecha unga aliposikia nduru, moyo ukashtuka, akaacha chekecheo chini. Okumu, bila kuombwa na mtu, akasimama kando yake akatafsiri: "Estava a peneirar farinha quando me disseram."

Mama Awuor akamwambia arudie. Akarudia. Akamwambia arudie tena, taratibu.

Mkumbuke jambo hilo.

Kulikuwa pia na padri Mbrazili katika parokia, mtu mwema, aliyekuja siku moja kusikiliza darasa. Alipozungumza, vitenzi vyake vilikuwa na mikia mingine kabisa, estava lavando, na ile a haikuwapo. Wanafunzi wakanitazama kama mtu aliyewauzia dawa bandia. Nilimpelekea Dona kesi hiyo jioni. Akasema Wabrazili walivuka bahari muda mrefu na mizigo mingine ililowa. "Lakini Mungu anawasikia," akaongeza, akamimina chai.

Ni jioni hiyohiyo nilipomsimulia habari za Senhor Abílio. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliweka kikombe chini. Wakati huo tulikuwa tukizungumza Kireno tupu, nami naandika hapa kwa Kiswahili alichosema.

"Huyu Abílio ni nani," akaniuliza, "hata aliliwe kwa Kireno na watu wengi hivyo, na mimi nitaliliwa na nani?"

Nikamwambia, "Na mimi, Dona."

"Mmoja si matanga."

Mpwa wake wa Lisbon alikuwa akimsihi ahamie huko, naye hakutaka kumwacha mumewe peke yake kwenye kaburi la Kisumu. Kwa hiyo alijua atafia hapa, na hilo halikumwogopesha. Kilichomwogopesha ni kwamba siku ile hapatakuwa na mtu wa kusimama na kusema, kwa lugha ya mama yake, alikuwa anafanya nini habari ilipofika. Alisema atakuwa kama mzigo ulioteremshwa kituo kisicho chake. Niliumia kusikia hivyo, na niliumia zaidi kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Kisha akaniagiza nilete darasa. Alitaka tumlilie yeye, akiwa hai, asikie.

Niliwapelekea wanafunzi ombi hilo na wote walikataa. Okumu alizungumza kwa niaba yao. "Yule wa uongo tumelia bure, haina shida. Lakini huyu ako hai anakunywa chai. Kumlilia ni kuita kifo kwa jina. Hapana, Mwalimu. Sisi tunaenda mbali, hatuwezi kwenda na hiyo mkosi." Hata mimi nilikuwa namwunga mkono, sema nilikuwa mwalimu na ilinibidi nionekane nimesikitika.

Apondi ndiye aliyepata njia. Alisema hakuna mwiko wa kumwambia mtu ulikuwa unafanya nini aliposema uje kunywa chai. Basi Jumapili moja tukaenda. Dona alivaa nguo nyeusi na kitambaa cha lesi nyeusi kichwani, akaoka keki yao ya Kigoa yenye matabaka, akaketi barazani mikono mapajani. Mmoja mmoja wakasimama mbele yake. Nilikuwa nabadilisha gurudumu niliposikia Dona anatualika. Nilikuwa namfunga mgonjwa bendeji. Nilikuwa nasuka nywele. Aliwasikiliza kwa uzito wa kanisani, akamsahihisha kila mmoja, na fundi wa magari mmoja alirudishwa kwenye mstari.

Tulipomaliza akasema ilikuwa nzuri, ila huzuni ya Okumu ilikuwa ndogo mno. Okumu akamjibu, kwa Kireno safi, kwamba keki ilikuwa tamu na mtu hawezi kuwa na vyote viwili. Hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona Dona akicheka mpaka akajifuta macho.

Karibu wote walifaulu mtihani, wakaondoka. Madarasa mengine yakaja, nao wakamlilia Abílio kwa zamu zao, mpaka shirika likapunguza kazi na wanafunzi wakaisha. Chumba kikageuzwa ghala la magunia. Nikarudi kwenye chaki yangu, na jioni nikaendelea kujibu langoni.

Dona alifariki alasiri moja, ameketi kwenye kiti chake barazani. Mimi nilikuwa Kondele nanunua mkate wa chai yetu, na jirani alinikuta dukani mkate ukiwa mkononi. Nilipiga simu ofisi ya shirika Nairobi, nikawaomba wawatumie watu wangu habari kwa redio ya upepo. Okumu, kama nilivyokuja kujua baadaye, alikuwa barabara ya Tete, huko Msumbiji, anapakia mahindi, na ujumbe ulimfikia kaburi likiwa limeshafunikwa. Mpwa wa Lisbon hakuweza kuwahi. Siku ya mazishi nilienda kanisani nikijua kwamba ni mimi peke yangu, na maneno yake matatu, mmoja si matanga, yalikuwa kichwani mwangu tangu alfajiri.

Padri Mbrazili alisoma misa. Kanisa halikujaa, ila nyuma walikaa akina mama wa Manyatta, nami nikadhani wamekuja kwa ajili yangu, kunipa pole kama jirani wa zamani. Padri aliposema mwenye neno asimame, nikasimama. Nikasema, "Estava a comprar pão quando me disseram." Nilikuwa nanunua mkate. Nilikuwa nimetayarisha mengine, nikayaacha, nikaketi.

Nikasikia benchi la nyuma likikwaruza sakafu. Mama Awuor alikuwa amesimama. Alikuwa amevaa kitenge cha heshima na kitambaa kichwani, na bado palikuwa na unga nyuma ya sikio. Akatazama jeneza, akasema polepole, kama mtu anayevuka mto kwenye mawe:

"Estava a peneirar farinha quando me disseram."

Akaketi. Mwenzake akasimama, yule wa kuni. Estava a lavar, nilikuwa naosha. Hakusema anaosha nini. Akafuata mwingine. Wengine walichanganya, mmoja alisema alikuwa anaosha lori, na najua hana lori. Mwingine alianza kwa Kireno akamalizia kwa Kijaluo. Miaka yote ile walikuwa wamekaa upande wa pili wa mabati wakingoja unga wao, wakisikia sisi tukimzika Abílio wiki baada ya wiki, na yale maneno yakawaingia bila mtu kuwafundisha. Padri aliinamisha kichwa. Mimi sikuweza hata kuwatazama.

Baada ya kaburi niliwaambia watu watangulie nyumbani kwa Dona, mimi nitawafuata. Nilikaa pale makaburini hadi wachimbaji walipobeba majembe yao. Nilipofika nyumbani, moshi ulikuwa unatoka jikoni mwa Dona na kiti chake barazani kilikuwa wazi. Nikasimama nje ya lango. Nilikuwa nimepita pale jioni za miaka mingi, na hii ndiyo jioni ya kwanza ambayo ningeingia bila kuulizwa.

Mama Awuor akatoka jikoni, mikono yote unga, akaniona.

"Mwalimu, tumekungoja mpaka basi," akasema. "Ulikuwa unafanya nini?"

Nilitaka kusema sikuwa nafanya kitu. Nikakumbuka kwamba jibu hilo halipokelewi pale langoni.

"Nilikuwa nalia, Mama," nikamwambia.

Akafungua lango. "Haya, ingia," akasema. "Ugali inapoa."